Hasheem Thabeet: Je, Alifeli?



Usiku wa tarehe 25 Juni 2009, mjini New York, kijana wa Kiislamu kutoka Dar es Salaam alisikia jina lake likitajwa la 2 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kubwa kuliko zote za mpira wa kikapu duniani. Katika uteuzi huo wa kila mwaka, timu hupokezana zamu kuchagua vijana wanaoingia katika mchezo wa kulipwa. Kijana huyo ni Hasheem Thabeet. Alikuwa na umri wa miaka 22 na urefu wa futi 7 na inchi 3, yaani sentimita 221 hivi. Aliyetajwa kabla yake alikuwa Blake Griffin. James Harden alitajwa wa 3, na Stephen Curry akasubiri hadi nafasi ya 7. Hakuna Mtanzania aliyekuwa amefika NBA kabla ya Thabeet.

Leo ukilitaja jina lake katika viwanja vya vyuo vyetu hapa Kampala, jibu mara nyingi ni kicheko. Wapenzi wa mchezo wanajua yaliyofuata. Harden na Curry wote wawili walikuja kutunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima, na Curry aliipata mara 2. Thabeet alicheza michezo 224 ya NBA na kuondoka na wastani wa pointi 2.2 kwa mchezo. Waandishi wa michezo wa Marekani wakamweka katika orodha yao ya wateule waliofeli vibaya kuliko wengine, nasi tukaipokea hukumu hiyo kama ilivyo, tukaigeuza mzaha.

Naomba tuichunguze hukumu hiyo. Swali la kama Thabeet alifeli lina mambo ya mpira ndani yake, lakini chini yake kuna swali kubwa zaidi: mtu anastahili kusifiwa au kulaumiwa kwa jambo gani hasa? Kwa alichopewa, kwa alichofanya, au kwa kilichotokea? Swali hili linamgusa kijana anayerusha mpira Wandegeya akiota Marekani. Linamgusa pia ndugu yetu aliyerudia somo la mwaka wa 2, na dada aliyepata daraja la kwanza.

Safari yenyewe

Tuanze na anayosimuliwa kuhusu maisha yake. Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Alifiwa na baba yake angali kijana mdogo. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 15, umri ambao mwenzake wa Marekani amekwisha kupita mikononi mwa makocha wengi. Alisoma Makongo, shule ya sekondari ya Dar es Salaam inayojulikana kwa michezo. Baadaye mchezo ulimpeleka Marekani, akamalizia sekondari katika shule ya Cypress Christian, Houston, jimbo la Texas.

Mwaka 2006 alijiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, mmoja wa makocha wenye majina makubwa katika michezo ya vyuo vya Marekani. Hapo ndipo alipochanua. Mwaka 2008 na mwaka 2009 alichaguliwa mlinzi bora wa kundi la vyuo liitwalo Big East. Mwaka huo wa 2009 aligawana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora wa kundi hilo, na Connecticut ikafika nusu fainali ya taifa. Baada ya misimu 3 aliondoka chuoni kwenda kwenye uteuzi. Tangu aliposhika mpira kwa mara ya kwanza hadi usiku ule wa New York ilikuwa imepita miaka 7 hivi.

Timu ya Memphis Grizzlies ndiyo iliyomchagua. Msimu wake wa kwanza haujaisha, Februari 2010, ilimteremsha ligi ya chini kuchezea Dakota Wizards, na hadi wakati huo hakuna mteule wa juu kama yeye aliyewahi kuteremshwa hivyo. Mwaka 2011 akauzwa Houston, mwaka 2012 akapelekwa Portland, kisha akachezea Oklahoma City hadi mwaka 2014. NBA ikamwisha hapo, lakini mchezo haukuisha. Tulimsikia Japani, kisha Taiwan, akiwa amevuka miaka 30 na bado analinda goli.

Hizo ndizo habari. Sasa tuziweke kwenye mizani yetu.

Mwili si cheo

Urefu wa mtu ni nini mbele ya Mwenyezi Mungu? Qur'ani haikunyamaza juu ya hili. Katika Surat al-Baqara, aya ya 247, Bani Israil wanapewa Talut awe mfalme wao. Wanapinga kwa kuwa hana mali. Nabii wao anawajibu kwamba Allah (s.w.) amemchagua na kumzidishia elimu na mwili. Neno lililotumika kwa ziada hiyo ni *basta*, lenye maana ya ukunjufu na wasaa. Neno hilo hilo linarudi katika Surat al-A'raf, aya ya 69, pale Nabii Hud (a.s.) anapowakumbusha watu wake, kina 'Ad, kwamba Allah amewazidishia maumbile.

Angalieni, ndugu zangu. Neno ni moja, neema ni moja, na mwisho ni wa namna mbili. Talut alitumia alichozidishiwa kuongoza jeshi dogo lililosubiri. Kina 'Ad, kama tunavyosoma katika Surat Fussilat, walijiona hakuna aliye na nguvu kuwashinda, wakaangamizwa kwa upepo. Na katika kisa cha Talut mwenyewe, adui aliyekuwa upande wa pili ni Jalut, ambaye mapokezi yanamweleza kuwa pandikizi la mtu, naye aliuawa na kijana Dawud (a.s.). Kwa hiyo mwili mkubwa umekaa pande zote mbili za vita. Peke yake haumpi mtu heshima wala haumwondolei.

Ufunguo wa jambo hili nauona katika Surat al-Fajr. Sura hiyo inawataja kina 'Ad mapema, kwa sifa ya kuwa wenye nguzo, na baadhi ya wafasiri wamesema nguzo hizo ni urefu wa miili yao. Aya chache mbele, katika aya ya 15 na ya 16, inaelezwa tabia ya mwanadamu: akijaribiwa kwa kuneemeshwa husema Mola wake amemtukuza, na akijaribiwa kwa kubanwa riziki husema Mola wake amemdhalilisha. Kisha linakuja neno la kukanusha dhana zote mbili. Kupewa ni mtihani na kubanwa ni mtihani. Anayeona utukufu katika kile na unyonge katika hiki, kosa lake ni moja hata kama sura zake ni mbili.

Kosa hilo ndilo tulilomfanyia Thabeet. Mwaka 2009 tulimsifu kwa urefu ambao hakuufanyia kazi. Miaka michache baadaye tukamdharau kwa kukosa vitu ambavyo vingine havikuwa mikononi mwake. Waliomshangilia na waliomcheka walikuwa wanapima kitu kimoja, nacho hakikuwa mtu mwenyewe.

Kwani basi hakuna awajibikaye?

Hapa mwenzangu mmoja atasema: ukienda hivyo utafuta uwajibikaji wote. Urefu amepewa, kocha amepewa, bahati amepewa, na hata moyo wa bidii amepewa. Basi mvivu naye atasema uvivu wake ni kadari.

Pingamizi hili ni la haki, na maulamaa walikutana nalo zamani. Wanazuoni wa Ash'ariya, ambao madrasa nyingi za pwani yetu na za huku bara zimefuata itikadi yao, walisema kuwa vitendo vyote vimeumbwa na Allah, lakini mja anavichuma, na kwa uchumaji huo, *kasb*, ndiyo anahesabiwa. Mtu anaweza kujadili undani wa nadharia hiyo darasani mwaka mzima. Kwa matumizi yetu inatosha kuelewa mpaka uliowekwa: nilichopewa sikuulizwa kabla ya kupewa, ila nitaulizwa nilikifanyia nini. Imam Ghazali, katika kitabu cha tawakkul ndani ya Ihya, anamwona mwenye kukaa mbele ya chakula bila kunyoosha mkono, akidai anamtegemea Mungu, kuwa amekosa akili na hajaifahamu tawakkul. Na sote tunaijua hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, akaelekezwa amfunge kwanza kisha ategemee.

Kwa hiyo hesabu ipo. Ninachodai ni kwamba hesabu ziko tatu, na sisi tumezoea kuiangalia moja tu, tena kwa namba zisizo zake. Iko hesabu ya mchezaji, iko hesabu ya walioshika mlango, na iko hesabu ya watazamaji.

Hesabu ya mchezaji

Katika hadithi nyingine ya Tirmidhi tunafundishwa kuwa mja hataondoka mahali pake Siku ya Kiyama hadi aulizwe juu ya umri wake, elimu yake, mali yake na mwili wake, kwamba aliuchakazia katika nini. Tazameni lilivyo swali la mwili. Haulizwi ulikuwa na urefu gani, wala ulifunga vikapu vingapi. Anaulizwa ulitumikaje.

Wengi humlinganisha Thabeet na Hakeem Olajuwon, na ulinganisho huo unafaa kama tutaufanya kwa uangalifu. Olajuwon ni Mwislamu kutoka Lagos, Nigeria. Naye aliuanza mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa, akitokea mpira wa mikono. Naye alipitia Houston. Mwaka 1984 alichaguliwa wa 1, na mwaka 1994 na 1995 akaiongoza Houston Rockets kutwaa ubingwa wa NBA. Katika Ramadhani iliyoangukia Februari 1995 alifunga saumu mchana na kucheza jioni, na mwezi huo akatajwa mchezaji bora wa mwezi. Mbele ya kisa hiki mtu atasema: mmeona, mwenzake aliweza, basi Thabeet ni mzembe.

Tutulie kidogo. Olajuwon alipofika Houston hakupelekwa uwanjani mwaka wa kwanza. Alipewa mwaka mzima wa kujifunza kabla ya kucheza mashindano ya chuo. Katika miezi ya kiangazi alikuwa akicheza katika ukumbi wa Fonde pamoja na Moses Malone, wakati huo mmoja wa wachezaji wakubwa wa nafasi hiyo hiyo duniani, na kila siku alikuwa anajifunza kwa kusukumwa na bingwa. Juhudi ilikuwa yake, hilo halipunguzwi. Lakini mwalimu alikuwa rizki. Muda ulikuwa rizki. Aliyepewa mwalimu na muda akafaulu anastahili pongezi kwa alivyovitumia, na hapo hapo anatakiwa kukumbuka kwamba kuna mlango aliofunguliwa. Qarun, katika Surat al-Qasas, alipata balaa yake aliposema kuwa kila alichokuwa nacho alikipata kwa elimu yake mwenyewe.

Je, Thabeet alijituma kadiri ya uwezo wake mazoezini Memphis? Hatukuwepo. Wapo walioandika kuwa hakujituma vya kutosha, na huenda waliona walichoandika. Lakini juhudi ya mtu iko kifuani na iko asubuhi saa ambazo hakuna kamera, na kwa jambo la namna hiyo tumeamrishwa dhana njema. Tunachokiona kwa macho ni kwamba mtu aliyepoteza nafasi katika ligi kubwa kuliko zote akiwa na miaka 27 aliendelea kuitafuta kazi yake Japani na Taiwan, mbele ya mashabiki wachache, bila jina kubwa la kumsindikiza. Mvivu hafanyi hivyo.

Linganisheni na Ishmail Wainright. Yeye alizaliwa Kansas City, Marekani, akasoma Chuo Kikuu cha Baylor, na alipomaliza mwaka 2017 hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Alizunguka, akacheza Ulaya, akafika Strasbourg, Ufaransa. Mwaka 2021 alivaa jezi ya Uganda kwenye AfroBasket mjini Kigali, pale Silverbacks walipoitoa Nigeria na kufika robo fainali. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 27, alisajiliwa na Phoenix Suns ya NBA. Mmoja aliitwa wa 2, mwingine hakuitwa kabisa, na wakiwa na umri ule ule wa miaka 27 mmoja anatoka mlangoni na mwingine anaingia. Ukiitazama namba ya uteuzi, haikusema lolote la uhakika juu ya yeyote kati yao.

Hesabu ya walioshika mlango

Sasa tuje kwenye hesabu ambayo haifunguliwi. Ni nani aliyemfanya Thabeet kuwa wa 2? Hakujichagua. Namba ile ilikuwa kadirio la watu wazima wenye mishahara, waliotazama kanda, wakapima urefu, wakakisia miaka 5 ijayo. Kisio likikosea, kosa la kwanza ni la mkisiaji. Mnunuzi akienda soko la Owino akalipa shilingi laki moja kwa kitu cha elfu 30, na muuzaji hakuficha aibu yoyote, hatusemi kitu kile kimefeli. Tunasema mnunuzi alipima vibaya. Lakini kwa kijana wa miaka 22 tunageuza hukumu: aliyekisiwa ndiye anayebeba dhambi ya aliyekisia.

Jambo hili halipo Memphis pekee. Liko hapa kwetu, kwa kipimo kidogo zaidi na pengine kwa maumivu zaidi. Njia ya mchezaji wa Uganda kwa kawaida huanzia sekondari. Kijana mrefu au mwepesi huonekana katika mashindano ya shule, akapewa nafasi katika shule yenye timu nzuri, karo ikalipwa yote au nusu. Akimaliza, vyuo vyenye timu katika ligi ya taifa humfuata kwa ufadhili wa masomo: ligi yetu imewahi kuwa na timu kama UCU Canons, KIU Titans na Ndejje Angels, zote za vyuo vikuu. Juu ya hapo ziko klabu, na kubwa miongoni mwake ni City Oilers, walioanza kuitawala ligi mwaka 2013 na kuiwakilisha Uganda katika Basketball Africa League mwaka 2023 na 2024. Njia hii imewasomesha vijana wengi ambao wazazi wao wasingeweza kulipa karo, na wanaoiendesha wana ujira wao kwa Allah wakiwa na niya njema.

Ila tuulize swali la kifiqhi, maana ndiyo kazi yetu sisi tunaosoma masomo haya. Ile karo anayolipiwa kijana ni kitu gani kisheria? Ziko njia mbili kubwa za kuieleza.

Ikiwa ni zawadi, *hiba*, basi imeshatolewa na kupokewa, na tunajua ukali wa Mtume (s.a.w.) kwa anayerudi katika zawadi yake, aliyemfananisha na mnyama anayeyarudia matapishi yake. Shule haiwezi kusema ilimpa kijana kwa wema wake, kisha goti lake likiumia muhula wa 2 ikamtoa darasani.

Ikiwa ni malipo ya kazi, *ijara*, basi masharti ya ijara yanafuata. Kazi ijulikane, muda ujulikane, ujira ujulikane, na pande mbili ziridhie. Kijana wa miaka 16 asiyejua ni mechi ngapi anadaiwa, asiyejua nini kitatokea akiumia, na ambaye mzazi wake hakuona karatasi yoyote, ameingizwa katika mkataba wenye *gharar*, yaani utata unaoficha madhara. Na mwenye kuumia akiwa kazini kwako ana haki juu yako hata kama jambo hilo hamkuliandika, kwa kuwa hakuumia katika starehe zake.

Tatizo linaanza pale taasisi inapotaka iwe zawadi siku ya kusifiwa na iwe ajira siku ya kumfukuza. Kufanya hivyo ni kula pande zote mbili. Naona hesabu ya mlango itakuwa nzito Siku ile kuliko hesabu ya pointi, kwa sababu aliyeshika mlango alijua mambo ambayo kijana hakuyajua. Alijua ni wangapi huingia na ni wangapi hufika. Alijua goti huvunjika. Kumficha kijana elimu hiyo na kumwonyesha Marekani pekee ni khiyana ya amana, hata kama kila shilingi ya karo imelipwa.

Hesabu yetu sisi watazamaji

Ya tatu ni yetu. Mtu atasema: lakini ndugu, mbona kocha humtathmini mchezaji, mwalimu humpa mwanafunzi alama, mgonjwa humchagua daktari mzuri? Tukikataza kupima matokeo, kazi zitaharibika.

Hilo nalikubali lote. Kusema Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 2.2 ni habari ya kweli. Kusema Memphis ingefaidika zaidi kama ingemchukua Curry ni uchambuzi wa halali. Kocha aliyemweka benchi hakumdhulumu, kwa kuwa timu ni amana pia na nafasi ya kucheza hutolewa kwa anayeifaa. Mwalimu anayempa alama 40 mwanafunzi wa alama 40 ametenda haki, na angempa 60 angewadhulumu wengine. Upimaji wa kazi ni wajibu.

Mpaka unavukwa pale kipimo cha kazi kinapogeuka jina la mtu. Surat al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na inakataza kuitana kwa majina ya kejeli, na inatoa sababu: huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Aya haikuweka kando wachezaji wala watu mashuhuri. Mtu aliyetoka Makongo akaanza mchezo akiwa na miaka 15, akafika mahali ambapo hakuna mtu wa nchi yake aliyepata kufika, leo jina lake linatumika uwanjani kumtania kila mrefu anayekosa kikapu. Tujiulize ni lini tulipewa ruhusa hiyo.

Na ulimi huu hauishii kwake, kwa sababu kijana wa sekondari anayeangalia anasikia. Anajifunza kwamba katika jumuiya yetu kufika nafasi ya juu na kushindwa kubaki pale ni aibu kuliko kutojaribu kabisa. Anajifunza kuficha maumivu ya goti, kudanganya umri, kuacha masomo ili asionekane amekata tamaa. Wapo pia wenzetu wa madarasani waliojifunza somo hilo hilo kwa njia nyingine. Wakifeli mtihani mmoja wanaacha kuja msikitini, maana wanaona nyuso zetu zimebadilika. Tabia ya kicheko cha uwanjani na tabia ya kumkwepa aliyerudia somo ni tabia moja.

Imam Bukhari amepokea kisa cha ngamia wa Mtume (s.a.w.) aliyeitwa al-Adhba. Ngamia huyo alikuwa hashindwi mbio, hadi siku alipokuja bedui na ngamia wake kijana akampita. Waislamu wakaona uzito. Mtume (s.a.w.) alipoiona hali yao akawaeleza kuwa ni haki juu ya Allah kwamba hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila hukishusha. Hakumlaumu ngamia, hakumlaumu aliyempanda, na hakumkasirikia bedui. Aliwarekebisha watazamaji. Wao ndio waliokuwa wameshikamanisha moyo na kitu kisichoahidiwa kubaki juu.

Jibu, na pendekezo

Je, basi, Hasheem Thabeet alifeli? Jibu langu ni kwamba swali limekosa sehemu yake muhimu: katika mtihani gani? Katika mtihani wa kufunga pointi nyingi NBA, hakufaulu kama walivyotarajia, na hakuna haja ya kulificha. Katika mtihani wa kisio la mwaka 2009, waliofeli ni wakisiaji. Katika mtihani wa namna alivyoutumia mwili, umri na mali aliyopewa, karatasi yake haiko mikononi mwetu na hatutaisahihisha sisi. Tulio na hakika nao ni mtihani wetu wenyewe, wa ulimi na wa amana, nao bado haujafungwa.

Kwa kuwa haujafungwa, natoa pendekezo moja kwa jumuiya yetu. Tuna ndugu wanaosoma sheria na tuna wanaosoma fiqhi. Kila mwaka jumuiya hutembelea shule za sekondari za Kiislamu kwa mawaidha na kwa kuwahamasisha wadogo zetu waje chuo kikuu. Katika ziara hizo tutenge saa moja ya kukaa na wanamichezo na wazazi wao. Tuwasaidie kuusoma mkataba wa ufadhili kabla haujasainiwa, na kama mkataba haupo, tuwafundishe kuuomba kwa adabu. Maswali ya kuanzia ni machache: kijana akiumia, nani anamtibu? Akiumia asiweze kucheza tena, je, atamaliza masomo? Mechi na mazoezi vikigongana na mitihani, au na swala ya Ijumaa, nini kinatangulia? Shule yenye niya njema haitachukia kuulizwa hayo, na isiyotaka kuulizwa itakuwa imeshajibu.

Allah (s.w.) atujaalie kushukuru tunapopewa, kusubiri tunapobanwa, na kuwafanyia uadilifu wenzetu katika hali zote mbili. Amin.

Wabillahi tawfiq.